Namna ya kuapia mabwana wawili bila kupoteza ardhi: mwongozo wa kabaila wa Serbia, 1371–1459

Mshika mawili moja humponyoka. Katika Serbia ya baada ya 1371 methali hiyo ingekuponza, kwa sababu aliyeshika moja tu ndiye aliyeponyokwa mapema. Dola ya Stefan Dušan, aliyevikwa taji la ukaizari mjini Skopje mwaka 1346, ilianza kumegeka alipofariki mwaka 1355. Tarehe 26 Septemba 1371, kando ya mto Maritsa, jeshi la Waosmani lilimuua mfalme Vukašin na nduguye Uglješa, na kabla ya mwaka kwisha kaizari Uroš naye akafa bila mtoto. Kuanzia hapo hadi Smederevo, mji mkuu wa mwisho, ilipoanguka tarehe 20 Juni 1459, mabwana wa Kiserbia waliishi katikati ya Sultani aliyetokea kusini na mfalme wa Hungaria aliyekaa kaskazini, na wakubwa wao waliwaapia wote wawili, ama kwa zamu ama kwa wakati mmoja.

Maelekezo haya yanakuweka kwenye kiti hicho. Wewe ni vlastelin, kabaila mwenye vijiji kadhaa, wapanda farasi wako mwenyewe, na pengine ngome unayoisimamia kwa niaba ya mkuu wako. Barua mbili zimefika juma moja, kila moja inataka watu wako. Mambo yamepangwa kwa utaratibu wa kazi, si wa miaka.

Fungua kasha la hati kwanza

Usifikirie utii kabla hujajua ardhi yako ni ya aina gani. Kuna baština na kuna pronija, na zote mbili zinaweza kuwa ndani ya kijiji kimoja.

Baština ni ya urithi. Sheria ya Dušan, iliyotangazwa 1349 na kuongezewa vifungu 1354, inaiondolea kazi za shuruti na tozo za mtawala isipokuwa mambo mawili: kodi iitwayo soće, na kwenda vitani. Unaweza kuiuza, kuirithisha au kuitoa kwa kanisa kwa ajili ya roho yako. Pronija ni ardhi ya utumishi: unakula mapato yake kwa sababu unapigana. Huna ruhusa ya kuiuza kama mali yako, na ukiiweka chini ya kanisa, tendo hilo halishiki.

Tofauti hii ndiyo itakayoamua unaweza kuhama upande kwa gharama gani. Pronija inategemea uhai na ridhaa ya aliyeitoa. Baština hainyang'anywi kihalali isipokuwa kwa kosa moja, nevera, yaani uhaini wa kuvunja kiapo. Kabaila ambaye karibu ardhi yake yote ni pronija hana cha kupoteza bwana wake anapokufa zaidi ya kile ambacho tayari kiko hatarini. Anapaswa kuwa wa kwanza kugonga mlango wa mrithi. Mwenye baština kubwa anaweza kungoja majuma machache aone upepo unavuma wapi, ila asitoe kisingizio cha kuitwa mhaini.

Mtawala akibadilika, peleka hati zako zithibitishwe. Chukua hati asilia na mashahidi wanaojua mipaka. Dai kila kijiji kitajwe kwa jina, pamoja na vilima, mito na njia zinazokitenga na cha jirani, maana hati inayosema tu "na vyote vilivyo vyake" ni mwaliko wa kesi. Kama una nguvu ya kujadiliana, omba kipande cha pronija kigeuzwe baština katika hati hiyo hiyo. Wakati wa kuomba ni sasa, mrithi anapohitaji watu, akishatulia hakusikilizi. Radič Postupović, aliyekuwa čelnik mkuu, yaani ofisa wa juu, wa Stefan Lazarević, mtawala wa Serbia mwenye cheo cha despoti, alifanya hivyo hasa: Stefan alipofariki Julai 1427 na Đurađ Branković kushika nafasi, Radič alithibitishiwa milki zake na kuendelea na cheo chake bila kuvuka mto wala kuchomoa upanga.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ya Dušan ambacho kila familia yenye akili inapaswa kukikariri. Kinasema kuwa kwa uhaini au kosa lolote, ndugu halipi kwa ajili ya ndugu, wala baba kwa ajili ya mwana, ikiwa wamegawana na kila mmoja anakaa kwenye nyumba yake. Mkiishi nyumba moja, nyumba nzima inalipa. Kwa hiyo gawaneni mapema, mbele ya mashahidi, wakati hakuna anayeshukiwa lolote. Mgawanyo unaofanywa mwezi mmoja kabla ndugu mmoja hajatorokea Hungaria hautamdanganya mtu.

Usisahau pia farasi. Kabaila akifa, farasi wake bora na silaha vinakwenda kwa mtawala. Vazi kuu la lulu na mkanda wa dhahabu vinabaki kwa mwana, na kama hakuna mwana, kwa binti. Mrithi wako ataanza utumishi akiwa amepungukiwa vifaa vile vile anavyodaiwa kuja navyo. Mwekee seti ya pili.

Watu walio chini yako

Hapa hapahitaji maneno mengi. Mkulima wako, meropah, unamdai kiwango kilichoandikwa tu: siku mbili za kazi kwa juma, sarafu moja ya perper kwa mwaka, siku moja ya kukata majani makavu ya mifugo na siku moja katika shamba la mizabibu. Ukizidisha, sheria inampa haki ya kukushitaki, na inamtaja hata kaizari kuwa anaweza kushitakiwa naye. Lakini mahakama si tishio kubwa. Tishio ni kwamba wakati wa vita anahama usiku kwenda kwa bwana mwingine au kwenye miji ya migodi, na kijiji kitupu hakilipii farasi.

Jua umesimama wapi kwenye mnyororo

Kosa la kawaida ni kudhani kila kabaila alikuwa mtumishi wa moja kwa moja wa Sultani. Wachache ndio walikuwa hivyo, wenye dola zao ndogo, kama Marko, mwana wa Vukašin, kule Prilep, au Konstantin Dejanović mwenye nchi ya Velbužd. Wewe una bwana wako wa Kiserbia, na yeye ndiye mwenye mabwana wawili. Đurađ Branković, alipopatana na Sultani Murad II mwaka 1428, alikubali dukati 50,000 kila mwaka na wapanda farasi 2,000 kila Sultani akienda vitani. Wakati huo huo alikuwa tayari anahesabiwa miongoni mwa mabaroni wa Hungaria, kwa mapatano yaliyofanyika Tata, Hungaria, mwaka 1426.

Mzigo huo unashuka ngazi kwa ngazi hadi kwako. Tenga bajeti ya mambo manne kwa kila mwaka. La kwanza ni vita vyenyewe: wapanda farasi wenye silaha kamili kulingana na ardhi yako, pamoja na farasi wa akiba na chakula cha njiani. La pili ni ujenzi na ulinzi wa ngome, ambao baada ya 1428 ulimeza nguvu kazi nyingi kwa sababu Smederevo ilikuwa inajengwa kwa haraka. La tatu ni mgao wako wa kodi ya Waturuki, inayodaiwa kwa fedha taslimu. La nne ni kulisha wajumbe na askari wanaopita, watu na farasi. La nne ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linalofilisi vijiji vya kando ya barabara kuu kutoka Niš hadi Belgrade.

Tangu Stefan Lazarević aigawe nchi katika majimbo ya kijeshi yaitwayo vlast, wito wa vita unakufikia kupitia vojvoda, kamanda wa jimbo. Mjibu yeye. Ukiruka kiungo kimoja cha mnyororo na kwenda moja kwa moja juu, umeshaingia kwenye nevera hata kama ulilolisema ni kweli.

Ushahidi ni kisa cha 1398. Makabaila wawili wazito, Novak Belocrkvić na Nikola Zojić, walikwenda kwa Sultani Bayezid kumshitaki Stefan kwamba anazungumza na Wahungaria kwa siri. Hesabu yao haikuwa ya kijinga: mashitaka yalikuwa na ukweli ndani yake, na Bayezid alikuwa na kila sababu ya kuwaamini. Walichokosea ni kudhani Sultani anataka ukweli. Sultani alitaka mtu mmoja wa kumdai askari na fedha, na Stefan alikuwa ameshathibitisha kwamba analeta vyote viwili. Kwanza alikwenda mama yake, Milica, aliyekuwa tayari mtawa, pamoja na mtawa Jefimija, mjane wa Uglješa. Kisha Stefan mwenyewe akaenda, akakiri na kusamehewa. Novak aliuawa. Zojić alijifungia katika ngome ya Ostrvica na mwisho akaokoa maisha yake kwa kuvaa joho la utawa. Tena Milica na Jefimija walirudi na masalia ya Mtakatifu Petka waliyoyaomba kwa Bayezid katika safari hiyo hiyo, jambo linaloonyesha jinsi mazungumzo yalivyokwenda vizuri.

Chukua somo la pili hapo: katika mgogoro wa kiapo, mjumbe wa kwanza awe mama, mjane au mtawa. Hawezi kushikwa kama mateka bila aibu, anaweza kuomba pale ambapo mwanamume angedhalilika, na anakupa muda wa kujua kama kwenda mwenyewe ni salama.

Ndoa inanunua muda, hainunui usalama

Mkuu Lazar Hrebeljanović alipouawa na Waosmani Kosovo tarehe 15 Juni 1389, mjane wake Milica alibaki na mwana, Stefan, ambaye hajafikia umri wa kutawala. Hungaria ilishambulia kaskazini msimu ule ule wa vuli. Akachagua: binti mdogo, Olivera, aliozwa kwa Bayezid, na askari wa Kiserbia wakaanza kumtumikia Sultani. Binti mwingine, Teodora, alikuwa mke wa Nicholas Garai, mmoja wa wakubwa wa Hungaria. Jelena aliolewa na bwana wa Zeta, Mara aliolewa na Vuk Branković. Ukizichora ndoa hizo kwenye ramani utaona kila mpaka una mkwe.

Đurađ alifuata mpango huo kwa ukamilifu zaidi. Mwaka 1434 bintiye Katarina aliolewa na Ulrich wa Celje, jamaa ya Sigismund, mfalme wa Hungaria. Mwaka 1435 binti mwingine, Mara, aliolewa na Sultani Murad II, na pamoja naye zikaenda ardhi za Toplica na Dubočica. Miaka minne tu baadaye mkwe huyo huyo aliizingira Smederevo kwa miezi mitatu na kuitwaa tarehe 18 Agosti 1439. Wana wawili wa Đurađ, Grgur na Stefan, waliokuwa mikononi mwa Murad, walipofushwa macho mwaka 1441.

Kwa hiyo hesabu ndoa kama mkataba wa miaka mitatu hadi mitano, na uamue mapema muda huo utautumia kufanya nini: kujenga ukuta, kuhamisha fedha, kukomboa hati. Faida ya muda mrefu ipo, lakini inakuja kwa njia nyingine. Murad alipofariki 1451, Mara alirudi Serbia kwa heshima na ardhi, na baadaye aliishi Ježevo karibu na Serres akisikilizwa na Sultani Mehmed II. Binti aliye ndani ya nyumba ya adui anakuletea habari na anaomba rehema. Jeshi halizuii.

Mwana aliyewekwa rehani ni hesabu tofauti. Ukiwa na mwana kwa Sultani, kila barua unayoandika kaskazini unaiandika kwa damu yake. Kama huwezi kuacha kuandika, usimpeleke.

Fedha zikae Dubrovnik

Mji wa Dubrovnik, jamhuri ya wafanyabiashara kwenye pwani ya Adriatiki, ulikuwa chini ya taji la Hungaria tangu 1358, ukawa unalipa pia kwa Sultani, na wafanyabiashara wake walikuwa kila mgodi wa Serbia, kuanzia Novo Brdo hadi Srebrenica. Hakuna mahali pengine ambapo fedha ya kabaila ingeweza kukaa bila kufuatwa na jeshi.

Utaratibu wa kuweka amana ni huu. Peleka fedha ghafi, dhahabu na vyombo, si sarafu peke yake, kwa sababu watawala hupunguza uzito wa dinari zao wanapobanwa. Kila kitu kipimwe na kuandikwa mbele ya maofisa wa jamhuri. Taja kwa majina nani anaruhusiwa kutoa, kwa sharti gani, na nini kifanyike ukifa au ukitekwa. Andika wazi kwamba barua iliyoandikwa ukiwa kifungoni haitoshi kufungua amana, la sivyo atakayekukamata ataandikisha barua hiyo siku ya kwanza. Weka nakala kwa mtu asiyekaa nawe.

Ndugu wawili wa Marko wa Prilep, Andrijaš na Dmitar, walipoamua kwenda Hungaria karibu na 1394, walipitia Dubrovnik wakachukua fedha ambayo baba yao Vukašin aliiweka amana zaidi ya miaka ishirini kabla. Yaani amana iliishi kuliko mfalme na ufalme wake. Đurađ naye alihifadhi hazina yake huko, na mwaka 1441, akiwa hana nchi, alipokewa mjini humo. Waosmani walishinikiza atolewe. Wakuu wa mji hawakumtoa, ila naye hakukaa muda mrefu. Usitegemee wakukatalie Sultani mwaka mzima.

Kama unasimamia ngome ya mkuu wako, jambo la fedha lina upande mwingine. Jeremija, msimamizi wa Golubac kando ya Danube, alidai alipwe dukati 12,000 kabla ya kuikabidhi ngome hiyo kwa Hungaria, kama mapatano ya Tata yalivyotaka baada ya kifo cha Stefan. Hakulipwa, akaikabidhi kwa Waturuki. Sigismund alijaribu kuirudisha mwaka 1428 akashindwa. Ukiwa mtawala, lipa madeni ya wasimamizi wa ngome za mpakani kabla hujasaini mkataba unaozitaja. Ukiwa msimamizi, jua kwamba ukifanya alivyofanya Jeremija hutarudi tena katika nchi hiyo maisha yako yote.

Vitani: pigana kwa kweli

Hapa watu wengi wa leo hukosea. Wanadhani busara ni kwenda kwa shingo upande, kuchelewa, kujificha nyuma ya mstari. Kumbukumbu zinaonyesha kinyume.

Tarehe 17 Mei 1395 huko Rovine, Marko na Konstantin Dejanović walikufa wakimpigania Bayezid dhidi ya Mircea wa Wallachia, Mkristo mwenzao. Stefan Lazarević alikuwapo na alinusurika. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Septemba 1396, huko Nicopolis, wapanda farasi wa Stefan waliishukia safu ya Wahungaria na kuamua vita dhidi ya Sigismund mwenyewe. Tarehe 20 Julai 1402 huko Ankara, Bayezid alipozidiwa na Timur, mtekaji kutoka Asia ya Kati, Waserbia walikuwa miongoni mwa waliopigana hadi dakika za mwisho.

Sasa angalia kilichofuata. Bayezid alitekwa. Kiapo kilikuwa kwa mtu, na mtu huyo hayupo tena. Agosti 1402 Stefan alipita Konstantinopoli akapewa cheo cha despoti. Muda mfupi baadaye Sigismund, yule yule aliyekimbia Nicopolis kwa mashua, alimpokea na kumpa Belgrade na Mačva. Desemba 1408 alimtaja wa kwanza miongoni mwa mabwana wa Jumuiya ya Joka, chama chake cha makabaila wa vita. Anayekununua anataka kujua kama bidhaa ina nguvu. Kabaila aliyekwepa vita vya bwana wake wa jana atakwepa pia vya bwana wake wa kesho, na kila mnunuzi anajua.

Linganisha na Vuk Branković. Baada ya Kosovo hakuapa upesi. Alishikilia nchi yake iliyoanzia Priština hadi Skopje. Skopje ikaanguka Januari 1392, akaapa mwaka huo huo akiwa dhaifu kuliko angeapa mapema, kisha hakuonekana Rovine wala Nicopolis. Ardhi zake zikatwaliwa, akafa kifungoni Oktoba 1397, na sehemu kubwa ya nchi yake akapewa Stefan. Halafu nyimbo za baadaye zikamfanya msaliti wa Kosovo, yeye aliyempinga Bayezid muda mrefu kuliko mabwana wengine wa Kiserbia. Nyimbo hazilipi fidia.

Unaporuhusiwa kutuma mtu badala yako, tuma anayejulikana kwa jina. Mwaka 1413 Stefan alianza safari dhidi ya Musa, mmoja wa wana wa Bayezid, kisha akamwachia uongozi mpwa wake Đurađ, na mnamo 5 Julai huko Čamurlu jeshi hilo lilimsaidia Mehmed I kumshinda Musa. Ushindi ulihesabiwa wa nyumba yote.

Ukiamua kuhama

Hamia upande mwingine pale tu mambo matatu yakikutana. Bwana wako awe amekufa, ametekwa au amevunja mkataba wazi, ili kiapo kiwe kimelegea chenyewe: 1389, 1402, 1421 na 1451 ilikuwa milango ya namna hiyo, kwa sababu masultani walikufa au kutekwa. Jeshi la bwana mpya liweze kukufikia kabla ya jeshi la bwana wa zamani. Na masharti yawe yameandikwa: ardhi gani, cheo gani, na mrithi wako atapata nini.

Sharti la pili ndilo linaloua watu. Mwaka 1439 Smederevo ilipozingirwa, mfalme Albert wa Hungaria alikusanya watu wachache mno, na ngome ikaanguka kabla hajafanya lolote. Mwenyewe alikufa Oktoba ya mwaka huo huo. Ahadi ya Hungaria ina thamani kamili kuanzia kingo za Danube hadi mwendo wa siku chache kusini. Ukiwa Kosovo, isome kama barua ya salamu.

Usibadilishe upande katikati ya vita. Vuk Lazarević, ndugu mdogo wa Stefan, alikuwa ameshawatumia Waosmani kumlazimisha kaka yake kumgawia nchi. Mwaka 1410, katika ugomvi wa wana wa Bayezid, alimwacha Musa na kuhamia kwa Suleyman. Alikamatwa njiani akirudi Serbia, akauawa Julai mwaka huo pamoja na Lazar Branković, ndugu wa Đurađ. Stefan, aliyekuwa na Belgrade na kuta zake nyuma yake, alipita katika ugomvi ule ule akiwa hai. Anayebadilika bila ngome ya kurudi ni mateka tu.

Wala usipanuke kwa kasi kuliko majirani wanavyoweza kuvumilia. Nikola Altomanović alimega ardhi kila upande hadi mwaka 1373 Lazar na Tvrtko wa Bosnia, kwa msaada wa Hungaria, wakaungana dhidi yake. Alipofushwa macho Užice. Mabwana wawili wanaochukiana wanaweza kukubaliana jambo moja, nalo ni wewe.

Kutohama nako ni kazi. Mwaka 1444 kampeni ya Wakristo ilimrudishia Đurađ nchi yake kwa mkataba wa amani na Murad. Miezi michache baadaye Wahungaria waliuvunja mkataba huo na kwenda Varna. Đurađ alibaki nyumbani; tarehe 10 Novemba mfalme wao aliuawa, na Serbia haikuguswa. Mwaka 1448 alimkatalia pia János Hunyadi, kiongozi wa majeshi ya Hungaria, na Hunyadi aliposhindwa Kosovo na kukimbilia kaskazini, watu wa Đurađ walimkamata na kumweka Smederevo hadi alipokubali masharti mazito. Mwaka huo huo Đurađ aligharamia ukarabati wa kuta za Konstantinopoli, na maandishi ya jiwe yalishuhudia. Mwaka 1453 alituma wapanda farasi 1,500 kwenye jeshi la Mehmed II lililokuwa likizivunja kuta za mji huo huo. Mtu anaweza kuudhika, lakini hiyo ndiyo sura ya viapo viwili vinapotimizwa kwa uaminifu.

Dola ikianza kuzama

Dalili zake ni za fedha kabla ya kuwa za kijeshi. Novo Brdo pekee, kwa maelezo ya msafiri Mfaransa aliyepita 1433, ilimwingizia despoti zaidi ya dukati 200,000 kwa mwaka. Ilipoanguka tarehe 1 Juni 1455, hapakuwa tena na namna ya kulipa pande zote mbili. Ukiona mgodi umepotea, anza kuhama siku hiyo, usingoje mji mkuu.

Milango ni mitatu. Wa kwanza ni timar, ardhi ya utumishi ya Waosmani, ambayo kwa mwenye pronija haina ugeni mkubwa: mapato yaliyoorodheshwa, farasi, silaha, wito wa vita. Katika miongo ya mwanzo Wakristo wengi waliandikwa bila kubadili dini. Nenda kabla ya waandishi wa orodha hawajafika kijijini, ukiwa na watu wako na vifaa, kwa kuwa anayeandikwa mwisho hupata mabaki. Baština yako haitatambuliwa kama ilivyokuwa, na mwanao ataanza na timar ndogo kuliko yako.

Wa pili ni kuvuka Danube. Hungaria inalipa kwa idadi ya wapanda farasi unaokuja nao, si kwa ukoo. Ndugu wa Jakšić, Dmitar na Stefan, walipata Nagylak mwaka 1464. Vuk Grgurević, mwana wa Grgur aliyepofushwa, alipewa cheo cha despoti na mfalme Matthias mwaka 1471. Vuka na watu wenye silaha pamoja na familia zao; askari aliyeacha mke ng'ambo atarudi.

Wa tatu unapaswa kulipiwa miaka mingi kabla. Nao ni adrfat: unatoa vijiji au kiasi cha fedha cha kila mwaka kwa monasteri ya Mlima Athos, rasi ya watawa huko Ugiriki, nayo inakuhifadhia nafasi ya kuishi na kulishwa hadi kufa. Radič Postupović alijiwekea njia hiyo kwa kuifadhili monasteri ya Konstamonitou. Hati itaje idadi ya nafasi, na kama nafasi inaweza kupewa mtu mwingine endapo hutakuja. Toa kutoka baština, kwa sababu pronija haiwezi kuwekwa chini ya kanisa na watawa wanalijua hilo. Athos haipokei wanawake, kwa hiyo mkeo anahitaji mpango wake: monasteri ya akina mama kama Ljubostinja, walikoishi Milica na Jefimija, nayo ipewe sehemu yake kwa hati tofauti, yenye jina lake yeye.